Mama Hashuki Garini

Tulikuwa tumeshaipita Nkubu, na mama bado anasema hatuendi popote.

"Geuza pale mbele," aliniambia, ameshika kilemba kwa mikono miwili kwa sababu gari halikuwa na paa. "Ndama wa Gacheri hajanyweshwa."

"Gacheri atamnywesha."

"Na hizi gumbuti?"

"Nani ataziona, mama? Ziko chini huko."

Akainama akaziangalia. Juu alikuwa na rinda la buluu la kanisani, sweta ya kijani na kilemba cheupe cha akina mama wa ushirika. Chini alikuwa na gumbuti, viatu vya mpira vya kukamulia ng'ombe, na matope ya Timau bado mabichi. Alikuwa na miaka themanini. Mimi nilikuwa na hamsini na minane, na nilikuwa naendesha gari langu mwenyewe, jekundu, la viti viwili, lile nililolitaka tangu nikiwa na miaka minane. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi, mwaka wa 2014.

Sikugeuza. Kwanza sikutaka. Pili, starta ilikuwa imekufa, na gari likizima lilihitaji watu wanne wa kulisukuma.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nimeanza katikati.

Baba yangu alikuwa mtu wa mashine ya kuvuna ngano kwenye shamba moja kubwa la Timau. Kila Ijumaa alikuja daktari wa ng'ombe, Mzungu mrefu, na gari dogo jekundu la viti viwili. Lilikuwa refu mbele, fupi nyuma, na chini kabisa, hata wafanyakazi wakaliita Kiatu. Yule daktari alikuwa akikunja miguu kama panzi ndipo aingie. Mimi nilikuwa napangusa taa zake kwa shati langu. Siku moja mwaka wa 1964 akaniweka kwenye kile kiti cha pili, akanipeleka mpaka lango la shamba na kunirudisha. Mita mia tatu, labda. Upepo ukaniingia mdomoni. Niliposhuka nilikimbia moja kwa moja kwa mama, nikamwambia nitanunua Kiatu.

Alikuwa anamenya viazi. Hakucheka. Hilo ndilo kosa alilofanya mama yangu, hakucheka. Aliniuliza tu, "Kina viti viwili. Kimoja ni chako. Kingine?"

"Chako."

"Basi sawa," akasema, na akalishika hilo neno kama watu wengine wanavyoshika hati ya shamba.

Shule nilisoma kwa vipande. La nne Timau, la tano nusu kwa mjomba huko Nkubu, la sita sikuliona, la saba nikafanyia Nanyuki nikiwa tayari nanyoa ndevu. Halafu nikaondoka. Nimekuwa utingo wa malori, nimekaza nati Isiolo, nimepaka grisi kreni za bandari Mombasa, nimechimba visima Marsabit mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kila barua niliyoandika nyumbani ilikuwa na salamu, na mwishoni: gari bado. Kurudi nilirudi mara chache, tena kwa haraka. Mtu aliyeahidi gari anaona haya kushuka kwa basi.

Sasa, mama si Mmeru wa kuzaliwa. Ni wa Embu. Mdogo wake, Wambeti, aliolewa Mbeere, pale Gachoka, kwenye joto na mbuzi. Kwetu, ndugu wa kike wa mama huitwa tata, kwa hiyo huyo ni tata yangu. Tata Wambeti alikuwa na mdomo. Mwaka wa 1987 alikuwa anamwoza binti yake, na mama akasafiri kwenda arusini. Wakati wa chakula, watu wamekaa na sahani, mmoja akamuuliza mama kijana wake mkubwa yuko wapi. Mama akajibu kwamba Naftaly anakuja, tena na gari lake.

Tata Wambeti alikuwa amesimama na mwiko. Akasema kwa sauti ya watu wote, "Dada yangu, hiyo gari inakuja tangu uhuru. Uhuru wenyewe ulishafika, ukakaa, sasa umezeeka!"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akamwaga supu. Mama akaweka sahani chini bila kuonja. Alitembea mpaka langoni, akageuka, akasema mbele ya arusi nzima: "Mimi sitaingia tena kwa lango hili mpaka niingie nimekaa ndani ya gari ya Naftaly."

Akaenda. Na kwetu neno kama hilo, limesemwa langoni na dada mkubwa, chakula kimeachwa kwenye sahani, hakuna anayelirudisha. Mchungaji alijaribu. Kaka yao alijaribu na mbuzi. Mama alikuwa anawaambia, "Nilisema mbele ya watu," na mazungumzo yanaishia hapo. Hawakuchukiana. Gunia la viazi liliteremka kutoka Timau kila mwaka, na debe la pojo likapanda kutoka Gachoka. Wao wenyewe tu ndio hawakupanda wala kuteremka. Miaka ishirini na saba.

Mimi sikujua lolote mpaka niliporudi nyumbani mwaka wa 2010 na begi moja. Aliyenieleza ni Gacheri, dada yangu mdogo, ambaye ndiye alibaki na mama muda huo wote.

"Kwa hiyo," nikamuuliza, "ni mimi nimefunga lile lango?"

"Wewe na mdomo wa tata. Kila mtu na nusu yake."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nikaanza kutafuta gari. Huko Nanyuki kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Bundi, alikuwa na Kiatu chini ya turubai nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye viti. Kama ni kile kile cha daktari sijui, na sitadanganya. Bundi alikubali kunipa nikimchimbia kisima, na mimi visima navijua. Maji yalitoka futi sabini na mbili. Halafu miaka minne nikawa natengeneza kati ya vibarua vya huku na huko, kipande leo, kipande mwezi ujao. Redieta ni ya trekta. Waya za taa ni za redio. Rangi nilipaka mwenyewe kwa brashi, ukiangalia karibu unaona nyayo za inzi.

Nililifikisha Timau siku ya Jumapili. Mchungaji akaliombea, maana kwetu gari jipya halitoki kabla ya maombi, hata kama lina umri wa mwenye kuliombea. Vijana wakalizunguka.

"Mzee, hii inabeba gunia ngapi?"

"Hakuna gunia. Watu wawili."

"Kwa hivyo umenunua kiti."

Mama hakulisogelea. Alilitazama kutoka mlangoni siku tatu nzima, kama mtu anayemwogopa mgeni aliyemwita mwenyewe. Siku ya Alhamisi Gacheri akaja na wazo lake: tumkalishe mama kwenye kile kiti, tumpige picha kwa simu, tuitume kwa Gichovi, mtoto wa Tata Wambeti, amwonyeshe mama yake. Pengine ingetosha. Mama akakubali picha. Akavaa nguo za kanisani kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa sababu Gacheri alisema miguu haitaonekana.

Tulimteremsha kwa blanketi, mimi huku, Gacheri kule, na majirani wanne wakitoa maelekezo yasiyotakiwa. Akakaa. Alinyoosha miguu mbele, akashika mlango, na uso wake ukabadilika. Gacheri akapiga picha.

Gichovi hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu, na simu ya Gacheri ilikuwa imewekwa sauti ya nje.

"Picha ni nzuri," alisema, "lakini mama haoni. Sukari imemaliza macho. Anaona mwangaza tu, kama mtu aliye ndani ya gunia. Hatukutaka kuwaambia, alisema tusimwambie dada yake."

Gacheri akajaribu kuzima simu. Tulikuwa tumechelewa. Mama alikuwa amesikia.

Tukashika blanketi ili tumtoe, na hapo ndipo tukagundua kwamba kuingia ni kitu kimoja na kutoka ni kingine. Magoti yake hayakukunjika. Nikimvuta mkono, anasema mgongo. Gacheri akimshika kwapani, anacheka, kisha anasema mbavu. Tulijaribu robo saa.

"Acheni," mama akasema. "Hii kitu inatembea ama ni ya picha?"

"Inatembea, mama."

"Haya, si itembee."

Majirani walisukuma, injini ikashika. Gacheri alidhani tunazunguka madukani na kurudi. Mimi mwenyewe sikujua tunakoenda mpaka nilipoona tumeteremka mjini Meru, na mkono wangu ukakata kwenye barabara ya Embu bila kuniuliza.

Gacheri alipiga simu tukiwa mbele ya Nkubu. Nilimpa mama simu aishike.

"Mko wapi? Chai inapoa!"

"Tuko hapa tu," mama akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa barabarani." Akanirudishia simu. Kisha, "Mwambie amnyweshe ndama."

Hapo nikajua tunasafiri.

Ile barabara ina kona nyingi kuliko zinazohitajika. Gari lilishika kila kona kama linaikumbuka. Nimeendesha malori ya tani ishirini, nimeendesha trekta, nimewahi kuendesha gari la maiti miezi mitatu, lakini sijawahi kuendesha kitu kinachotaka kwenda namna ile. Sauti yake ilikuwa nyuma ya mgongo wetu, watoto wa shule wanapiga makelele kando, mashamba ya chai yanapita, na mama ameufungua mdomo. Nikajua upepo umemwingia.

"Naftaly," akapaza sauti, "huyu daktari wa ng'ombe alikuwa anaendesha hivi?"

"Zaidi ya hivi."

"Sasa ng'ombe alikuwa anawaona saa ngapi?"

Karibu na Chuka polisi mmoja akatusimamisha. Akaniambia nizime injini.

"Afande, nikizima utanisukuma."

Akacheka, akazunguka gari lote mikono nyuma. "Hii inabeba wangapi?"

"Inabeba mimi na huyu," mama akasema. "Wewe huna nafasi."

"Shosho, mnaenda wapi?"

"Kumaliza maneno."

"Maneno gani tena?"

"Ya mwaka wa themanini na saba."

Akatuachia njia, akapiga saluti. Mama alimpungia mkono mpaka kona ikamficha.

Tulipovuka mto Thuchi alivua sweta. Alianza kuongea Kiembu, lugha ambayo nyumbani kwetu aliitumia tu akihesabu au akikasirika. Alikuwa anajaribu maneno. Anasema sentensi, anaitupa, anasema nyingine. Halafu akanigeukia, na sauti ilikuwa ndogo.

"Na akikataa?"

"Akatae nini, mama?"

"Haoni. Nikimwambia hii ni gari yako, atajuaje? Atasema nimekuja na gari ya mtu. Hata mimi ningesema hivyo." Akatazama mbele. "Hatuna miaka mingine ishirini na saba, mimi na yule."

Niliongeza moto.

Ukiacha lami pale Gachoka, kwa Tata Wambeti ni kama kilomita moja na nusu ya njia ya mikokoteni ya punda. Lango lake lipo juu, ng'ambo ya korongo kavu. Tuliliona, la mabati, rangi ya kijani, hatua mia moja na hamsini tu. Nilishuka korongoni polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Katikati, tumbo la gari likakaa juu ya tuta la udongo lililo kati ya njia za magurudumu. Magurudumu yakazunguka bure. Injini ikazima.

Mbuzi wakaja kututazama.

"Tumefika?" mama akauliza.

"Karibu."

"Karibu si ndani."

Gichovi akaja mbio akishuka, mtu wa miaka hamsini mwenye tumbo la kiasi. Kwake yeye tata ni mama yangu, kwa hiyo alikuwa anaita, "Tata! Tata! Ni wewe kweli?" Akamshika mikono yote miwili. Kisha akaona hali yetu. "Basi nilete kiti cha plastiki, tukubebe wanaume wawili mpaka ndani."

"Nikibebwa na kiti, nimekuja na kiti," mama akasema. "Mimi sishuki."

"Tata, angalia kule."

Tukaangalia. Upande wa Mlima Kenya mawingu yalikuwa meusi kama sufuria. Gichovi hakuhitaji kueleza. Makorongo ya Mbeere hujaa kwa mvua iliyonyesha kwingine. Unaweza kuwa umesimama kwenye vumbi, na maji yanakuja yakiwa na miti ndani. Kama maji yangetukuta pale, ingebidi nimwondoe mama kwa nguvu, gari liende zake, na kiapo kiende nalo.

Kwenye mteremko wa shamba la Tata Wambeti kulikuwa na wanawake wanachimba. Nilihesabu ishirini na watatu, wamejipanga mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Walikuwa wanatengeneza fanya juu, ile mitaro ambayo udongo wake unatupwa upande wa juu ili mvua isiondoke na shamba. Nikapanda kuwaendea. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mfupi anaitwa Lydiah, amevaa kofia ya kiume, filimbi shingoni.

"Mzee, ile ni gari ama ni karai?"

"Ni gari. Naomba mikono, mama. Dakika ishirini tu."

Akanitazama kwa huruma, lakini akatikisa kichwa. "Siwezi kukupa. Leo ni zamu ya shosho Wambeti. Kila Alhamisi tunachimba kwa mmoja wetu, na mikono hii leo ni yake mpaka saa kumi. Jembe likiwekwa chini kabla ya hapo, zamu imeisha. Hatuna nusu zamu. Tuliona ukifungua huo mlango, leo ni arusi, kesho ni mkutano, hakuna shamba linalochimbwa."

"Na zamu nyingine atapata lini?"

"Tuko ishirini na nne. Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu. Mvua hizi zingekuwa zimepita na nyingine zimeanza. Gichovi alikuwa amenifuata, anahema.

"Naftaly, wewe ni ndugu yangu," alisema, "lakini mitaro ni saba na wamemaliza miwili. Mwaka jana mvua ilichukua maharagwe yetu yote, na udongo juu. Mama amengoja hii zamu tangu mwezi wa nne."

Lydiah akasema, "Mwenye zamu ndiye anaweza kuitoa. Aulizwe."

Hakukuwa na haja ya kwenda kumwita. Lango la kijani lilifunguka, na Tata Wambeti akatokea, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika nguzo. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yanatazama juu ya vichwa vyetu.

"Nani amekaa korongoni kwangu?" akaita.

"Ni mimi!" mama akajibu kutoka chini.

"Mimi nani?"

"Beth!"

Majembe yakasimama hewani. Hakuna aliyeyaweka chini, wale wanawake wanajua sheria zao.

"Beth gani?" Tata Wambeti akasema. "Beth ninayemjua alisema atakuja na gari."

"Niko ndani yake!"

"Ya nani?"

"Ya Naftaly!"

"Mwongo!"

"Njoo ushike!"

"Nitashukaje huko na hii miguu?"

"Na mimi nitapandaje huko na haya magoti?"

Wanawake wakaangua kicheko, wale wa mwisho wa mstari wakajifuta machozi kwa leso. Tata Wambeti hakucheka. Alisimama akisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja. Lydiah akamwendea, akamweleza kwa heshima: gari limekwama, mvua inakuja, zamu ni yake, aseme. Gichovi naye akasema, "Mama, fikiria maharagwe."

"Gichovi," Tata Wambeti akamwambia, "mwiko ule nilikuwa nimeushika mimi. Si wewe."

Kisha akamgeuzia Lydiah uso.

"Andika zamu yangu imeisha. Nileteeni hiyo gari."

Filimbi ikalia. Ishirini na watatu wakashuka korongoni na majembe begani, na sijawahi kuona udongo ukitii namna ile. Walilikata lile tuta chini ya tumbo la gari, wakajaza njia za magurudumu, wakatupa mawe, wakakanyaga. Halafu wakaweka majembe kando, wakashika gari, mimi na Gichovi tukiwa kati yao, Lydiah anahesabu. Waliimba wimbo wao wa kuchimba. Kiatu kikanyanyuka na mama ndani, kikaenda mbele hatua mbili, kikakaa kwenye ardhi ngumu, na kuanzia hapo ikawa ni kusukuma. Mama alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja kana kwamba ndiye dereva.

Langoni kabisa, pua ya gari imebakiza mita moja, akainua mkono.

"Ngojeni!"

"Nini tena, shosho?" Lydiah akalia. "Tunateleza!"

"Nilisema gari ya Naftaly. Naftaly hayumo. Naftaly, ingia."

Nikaruka ndani. Nyuma yangu wakapiga kelele.

"Huyu mzee ana kilo ngapi?"

"Amekula hicho kisima!" Gichovi akasema, maana nilikuwa nimempa habari za Bundi tukisukuma.

Tukaingia. Hivyo ndivyo nilivyopitisha lile gari kwenye lango la Tata Wambeti, injini imezima, mikono kwenye usukani, nikiwa nimeketi karibu na mama yangu kama mtu mwenye mali.

Tata Wambeti akasema, "Msiniambie kitu. Nyamazeni wote."

Akaiacha fimbo. Akaanza mbele. Alipapasa taa moja, akapapasa nyingine, akaenda na boneti lote kwa viganja viwili, taratibu, hatua kwa hatua, kwa sababu ni refu. "Inaendelea tu," akasema. Akafika kwenye kioo. Akainua mkono kutafuta paa, mkono ukapita hewani, ukashuka, ukatua juu ya kilemba cha mama.

Akakishika. Akashika paji la uso, pua, kidevu. Kisha akateremka mlangoni, akainama mpaka ndani, akashika miguu.

"Beth."

"Ee."

"Miaka ishirini na saba, halafu unakuja kwangu na gumbuti?"

"Nilikuwa nimekuja kwa picha tu."

Hapo ndipo Tata Wambeti alicheka. Aliegemea mlango akacheka mpaka Gichovi akamshika asianguke, na mama naye akawa anacheka, na wakiwa wanacheka hivyo walikuwa wanalia pia. Sisi wengine tukapata kazi ya kutazama mbuzi.

"Viti ni viwili tu?" Tata Wambeti akauliza alipopata pumzi.

"Viwili."

"Mimi nitakaa wapi?"

Mama akanigeukia. "Naftaly, toka."

Nikatoka. Tulimwingiza Tata Wambeti kwenye kiti changu, kwa blanketi lile lile. Akashika usukani, akauzungusha kidogo, akabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Honi ililia, honi ambayo nilikuwa nimeihangaikia miezi miwili ikakataa. Wakaletewa pojo na wali, sahani mbili magotini mwao. "Chakula ulichoacha kilipoa," Tata Wambeti akamwambia mama. Mama alikula chote, akaomba kingine.

Mvua ilikuja kabla ya saa kumi. Korongo likajaa mpaka ukingoni, tukawa tunasikia mawe yakigongana. Wale wawili walikataa kutoka. Wanawake wa Lydiah, ambao hawangeweza kuvuka kwenda kwao, wakasimamisha miti minne na turubai juu ya gari. Tukakaa sisi sote barazani tukiwatazama wakiongea, vichwa viwili chini ya turubai, na sikusikia hata neno moja walilosema.

Mama alitolewa garini saa moja jioni na wanawake sita. Alikaa Gachoka siku tisa. Gacheri alimtumia viatu.

Mitaro miwili iliyokuwa imechimbwa ilishika. Mingine mitano haikuwepo, na maharagwe ya upande huo yalienda na maji. Niliichimba mimi, peke yangu, kuanzia Novemba mpaka katikati ya Januari. Ndio muda mrefu zaidi niliokaa mahali pamoja bila mtu kunilazimisha. Lydiah alikuja mara mbili kuipima kwa kamba, akasema mmoja umepinda. Umepinda.

Tata Wambeti alifariki mwaka wa 2017. Mama alienda Gachoka kumwona mara tano kabla ya hapo, kwa basi. Mama alifariki mwaka wa 2019, nyumbani Timau. Gacheri ana ng'ombe wanne. Gichovi bado analima ule mteremko. Kikundi cha Lydiah kilinunua hema, na bado hawana nusu zamu. Bundi alikufa, kisima chake bado kina maji.

Gari halikuwaka tena. Liko Gachoka, ndani ya lango, chini ya turubai. Matairi yameisha upepo na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Cha pili wamekiacha.

Mimi nina miaka sitini na saba. Ninalinda bohari la mbegu hapa Isiolo, na mwezi ujao nahamia Marsabit.